Uvimbe Ulipozaliwa Ndani ya Mshipa Mkubwa wa Damu

Mbele ya uti wangu wa mgongo, ndani kabisa ya tumbo, kuna bomba la plastiki lililozungushiwa pete. Damu inayorudi kutoka miguuni na nyonga hupita humo kwenda kwenye moyo. Hapo awali palikuwa na vena kava ya chini, vena pana kuliko zote za tumboni, na ukuta wa vena hiyo ndiko saratani yangu ilikoanzia. Figo ya kulia sina tena. Natembea, nafanya kazi zangu, na kila ukifika wakati wa kurudi kwenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, usingizi hunipaa.

Namwandikia mtu ambaye jana au juzi ameambiwa, "Uvimbe umeshika mshipa mkubwa." Wodini na kliniki nimekutana na watu walioipokea kauli hiyo kama hukumu, wakarudi nyumbani kusubiri. Baadhi yao kweli hawakuwa na njia ya upasuaji. Wengine walikuwa nayo, ila hakuna aliyeendelea kuuliza: mshipa upi? Ni ateri au ni vena? Umesukumwa tu, umezingirwa, au umeingiliwa? Na ukikatwa, damu itapita wapi? Mimi maswali hayo niliyauliza mbele ya watu waliojua kuyajibu, na ndiyo sababu nipo.

Huku nyuma ya tumbo kuna nafasi ambayo watu wengi hatuijui. Ini, tumbo la chakula na utumbo mwembamba vimefunikwa na utando. Nyuma ya utando huo, hadi kwenye misuli ya mgongo, ndiko ziliko figo, kongosho na ile mishipa miwili mikubwa, aota inayoshusha damu na vena kava inayoipandisha. Ni mahali penye mafuta na nafasi ya kutosha. Uvimbe ukiota huko haubanwi na kitu, kwa hiyo mara nyingi mwanzoni hauumi. Unakua kimyakimya, na mara nyingi hugunduliwa ukiwa umezidi upana wa kiganja, wakati mwingine ukiwa umejaza nusu ya tumbo. Ndiyo maana simlaumu mtu kwa kuchelewa. Mimi nilianza na maumivu mazito ya ubavu wa kulia, ya kuja na kuondoka. Nilitibiwa misuli, nikatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo. Baadaye miguu ikaanza kuvimba, jioni kwanza, kisha kutwa nzima, na vijishipa vya buluu vikajitokeza kwenye ngozi ya tumbo chini ya kitovu. Hivyo vijishipa ndivyo vilivyomshtua daktari aliyenipiga ultrasaundi. Alinyamaza, akarudia kupitisha kile kifaa mahali palepale mara kadhaa, kisha akaniambia nisiende nyumbani kabla ya kupata barua ya CT.

Daktari wa upasuaji wa kwanza kuziona picha zangu alikuwa mtu mzima, mpole. Alizitazama muda mrefu. "Mama," akasema, "huu uvimbe uko kwenye mshipa mkubwa. Mimi nikikufungua hapa nitakuumiza. Nenda kwa wanaofanya kazi hii kila siku." Dada yangu mkubwa, aliyenisindikiza, alikasirika, aliona tumefukuzwa. Mimi leo namshukuru daktari yule kuliko karibu wote waliofuata. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwenye sakoma za nyuma ya tumbo, yaani saratani za tishu kama mafuta na misuli, upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa kuliko yote ya kuponya. Ukifunguliwa, uvimbe ukachanwa, ukatolewa vipandevipande au ukaachwa nusu kwa sababu mshipa umetisha, chembe za saratani humwagika tumboni na makovu huchanganya kila kitu. Anayekuja kurekebisha hukuta kazi ngumu maradufu. Kwa hiyo daktari anayekataa kukugusa na kukuonyesha pa kwenda amekutendea wema mkubwa.

Kule nilikotumwa, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuna aliyeamua peke yake. Kulikuwa na kikao cha kila wiki ambapo picha za wagonjwa huwekwa ukutani na kujadiliwa na daktari wa upasuaji wa saratani, daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu, mtaalamu wa picha, mtaalamu wa patholojia anayechunguza vinyama kwa hadubini, wa dawa za saratani na wa mionzi. Mgonjwa hakai humo, lakini huletewa uamuzi na sababu zake. Ukitaka kupima mahali kama pana uzoefu wa sakoma, uliza kama wana kikao cha namna hiyo na kama daktari wa mishipa hukaa humo tangu mwanzo. Akiitwa mbio katikati ya upasuaji kwa sababu damu inamwagika, amechelewa kuitwa.

Walitaka kuchukua kinyama kwa sindano kabla ya lolote. Niligoma. Kila mtu niliyemjua alikuwa amenionya kwamba saratani "ikitobolewa inasambaa". Daktari wa picha akakaa kitandani pangu, jambo ambalo sitalisahau, akanieleza kwamba sindano itapitia mgongoni, ndani ya mrija mwembamba unaokaa palepale huku sindano ikiingia na kutoka, bila kupenya kwenye utando wa tumbo. Hatari ya chembe kubaki njiani ipo, lakini ni ndogo mno. Hatari ya kutojua ni kubwa zaidi, kwa sababu si kila uvimbe wa nyuma ya tumbo ni sakoma. Limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili, hukaa huko, nayo hutibiwa kwa dawa, si kwa kisu. Saratani inayotokana na chembe za uzazi pia huweza kukaa huko, nayo huitikia dawa. Ingekuwa balaa kumtoa mtu figo na mshipa kwa ugonjwa ambao dripu ingeuyeyusha. Nikakubali. Ganzi iliuma kuliko sindano yenyewe.

Jibu lilikuja: leiomiosakoma. Sakoma zote kwa pamoja ni kama saratani 1 katika kila 100 za watu wazima, na zina aina zaidi ya 50. Za nyuma ya tumbo nyingi ni liposakoma, zinazotokana na mafuta, zikifuatiwa na leiomiosakoma, zinazotokana na misuli laini. Misuli laini imo hata kwenye kuta za mishipa ya damu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilibadilisha namna nilivyouwaza ugonjwa wangu: uvimbe haukuwa umetoka mahali pengine ukaja kuung'ang'ania mshipa. Ulikuwa ni mshipa wenyewe ulioharibika. Kumbukumbu ya kwanza ya ugonjwa wa namna hii kwenye vena kava iliandikwa mwaka 1871, na hadi leo wagonjwa wake ni wachache. Wengi wao ni wanawake wa makamo. Nilijiona kwenye maelezo hayo moja kwa moja.

Mazungumzo na daktari wa mishipa ndiyo ninayotamani kila mgonjwa angeyapata. Alichukua karatasi, akachora mti wa mishipa ya tumbo, akampa dada yangu kalamu nyekundu na ya buluu ili naye achore. Alianza na tofauti ambayo wengi hatuambiwi: ateri na vena si kitu kimoja mbele ya mpasuaji. Ateri hupeleka damu kwa msukumo. Ukiikata bila kuweka nyingine, kiungo kinacholishwa nayo kinakufa. Vena hurudisha damu taratibu, na ikianza kuzibwa pole pole, mwili hutafuta vichochoro, kama mto unaozibwa na mchanga unavyojitafutia mikondo pembeni. Vile vijishipa vya buluu tumboni mwangu vilikuwa vichochoro hivyo. Damu ya miguu ilikuwa imeshaanza kuzunguka kupitia ngozi na mgongo ili ifike kwenye moyo.

Kutokana na hilo, vena kava ikikatwa kuna njia tatu. Kama uvimbe umeshika sehemu ndogo ya ukuta, hukatwa kipande hicho na kushonewa kiraka. Kama vena imeziba zamani na vichochoro vimekua vya kutosha, inaweza kufungwa juu na chini na kuachwa bila kuwekwa kitu. Na kama bado ilikuwa inapitisha damu nyingi, huwekwa mshipa mwingine badala yake. Wapo wanaotumia mishipa iliyotolewa kwa watu waliofariki. Mara nyingi hutumika bomba la PTFE, aina ya plastiki, lenye pete nje ili utumbo na viungo vingine visiliminye. Yangu ilikuwa imebanwa lakini haijaziba. Kuifunga ghafla kungeniachia miguu iliyovimba vibaya. Kwa hiyo bomba.

Dada akauliza kuhusu aota, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ikiguswa aota mtu amekwisha. Daktari akasema hapana. Aota nayo hubadilishwa, kwa bomba la kitambaa cha Dakroni au la PTFE, na kazi hiyo wapasuaji wa mishipa huifanya kwa wagonjwa wengi wasio na saratani kabisa. Mara nyingi uvimbe huwa umeisukuma tu, na unaweza kubanduliwa kwa kufuata ganda la nje la ateri bila kuikata. Mshipa alioutaja kwa uzito ni mwingine, ateri ya juu ya mesenteri, inayotoka mbele ya aota na kugawanyika kwenda kwenye karibu utumbo mwembamba wote na sehemu ya utumbo mpana. Uvimbe ukiuzingira mshipa huo kwenye shina lake, kuuondoa kunaweza kumaanisha kumwacha mtu bila utumbo. Hapo ndipo madaktari wengi husimama. Nilimwona mgonjwa wa hivyo wodini, kaka mmoja mcheshi aliyekuwa na liposakoma. Kwake kikao kiliamua kutopasua, naye alielezwa sababu kwa kuchorewa vilevile. Alilia, kisha akasema angalau anajua ni mshipa gani. Alianza dawa. Sijui kama nimewahi kumwona mtu akiheshimiwa zaidi ya hivyo katika habari mbaya.

Kisha ikaja zamu ya figo zangu. Vena ya figo ya kushoto ni ndefu, inapita mbele ya aota, na njiani hupokea vena za tezi iliyo juu ya figo na za ovari. Ikilazimu kufungwa karibu na vena kava, damu ya figo hiyo huwa na njia nyingine za kutokea. Ya kulia ni fupi, inaingia moja kwa moja, haina vichochoro vya kutegemewa. Uvimbe wangu ulikuwa umefika hasa kwenye mlango wa vena ya kulia. Mlango wa kushoto ulikuwa juu kidogo, kama ulivyo kwa watu wengi, na picha zilionyesha nafasi ndogo salama kati ya milango hiyo miwili. Nafasi hiyo, ambayo haikuzidi upana wa kidole, ndiyo iliyobeba mpango mzima. Kibanio cha juu kingewekwa hapo, figo ya kushoto ikiendelea kutoa damu yake bila kukatizwa hata dakika moja, na figo ya kulia ingeondoka pamoja na uvimbe.

Niliuliza kama figo ya kulia haiwezi kuokolewa. Kuna wagonjwa ambao figo yao hutolewa, ikahamishiwa chini kwenye nyonga, au vena yake ikaunganishwa upya kwenye bomba. Kwangu uvimbe ulikuwa umegandana na figo yenyewe, na kuubandua kungekuwa kuuchana. Walinipima kwanza kila figo peke yake ili kujua ya kushoto inafanya kazi kiasi gani. Usikubali kutolewa figo kabla ya kipimo hicho. Damu inaweza kuonyesha kiwango kizuri cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, ilhali kazi yote inafanywa na figo ile ile wanayotaka kuitoa.

Kipimo cha CT cha kifua kilifuata, kwa kuwa leiomiosakoma hupenda kukimbilia kwenye mapafu, na cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kuhakikisha hakuna mkia wa uvimbe uliopanda ndani ya vena hadi kwenye chumba cha moyo. Ukifika huko, upasuaji huhitaji timu ya moyo na wakati mwingine mashine ya kuzungusha damu. Kwangu hakukuwa na kitu.

Kuhusu mionzi, niliingia kwenye mazungumzo nikiwa nimeshaamua moyoni kwamba nipewe kila kitu kilichopo. Daktari wa mionzi akanieleza kuhusu utafiti mmoja mkubwa, STRASS, uliochapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 266 wenye sakoma ya nyuma ya tumbo waligawanywa, nusu wakapewa mionzi kabla ya upasuaji na nusu wakapasuliwa moja kwa moja. Kwa jumla, mionzi haikuwaongezea muda wa kuishi bila ugonjwa kurudi tumboni. Huenda kuna manufaa kwa baadhi ya wenye liposakoma, lakini kwa aina yangu hapakuwa na dalili hiyo. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba tiba nyingi ni mapenzi zaidi. Nilitoka pale nikiwa nimekubali kwamba kunyimwa kitu kisichosaidia nako ni kutunzwa.

Wiki za kusubiri nilizitumia kutembea. Niliagizwa kula vyakula vya kujenga mwili, kupanda ngazi, kupumua kwa nguvu kwenye kile kifaa chenye vipira. Kazi hiyo nyepesi ndiyo iliyonifaa kuliko nilivyodhani. Mume wangu na mimi tulizungumza pia mambo ambayo watu huyakwepa: nikibaki kwenye mashine nani aamue, na mwisho wa mambo uwe wapi. Tuliyaandika. Baada ya hapo tulilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ultrasaundi.

Kilichotokea chumba cha upasuaji nakijua kwa kusimuliwa na kwa kuisoma ripoti. Walinipasua kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu na kupita. Waliuhamisha utumbo mpana na sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba kuelekea kushoto ili vena kava ionekane yote. Kabla ya kuugusa uvimbe waliishika mishipa: kanda laini juu ya uvimbe, kanda chini, ateri ya figo ya kulia ikafungwa mapema. Vena ndogo za mgongoni zinazoingia kwenye vena kava kwa nyuma zilifungwa moja moja. Wenyewe husema hizo ndizo zinazomwaga damu ukizidharau. Kisha daktari wa usingizi akaomba wajaribu kubana kwanza. Vena kava ikibanwa, damu ya nusu ya mwili haifiki kwenye moyo, na presha inaweza kuanguka. Yangu ilishuka, akanijaza maji na dawa, ikasimama. Ndipo ikaingia heparini ya kuzuia damu isigande, vibanio vikawekwa, na uvimbe ukatoka kwa pamoja na kipande cha vena, figo ya kulia, tezi iliyo juu yake na mafuta yaliyozunguka, bila kuchanwa.

Nilipopata nafuu nilimuuliza daktari wa mishipa alijifunzia wapi kushona kitu kinachoteleza vile. Akanipa historia. Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini ilikatwa, na madaktari wa wakati huo hawakuwa na namna ya kuishona. Alikufa. Kijana mmoja wa udaktari mjini humo, Alexis Carrel, alichukua suala hilo moyoni, na mwaka 1902 akachapisha njia yake ya kuunganisha mishipa kwa sindano nyembamba na nyuzi tatu zinazoivuta midomo ya mshipa iwe pembetatu, ili mshono uende sawa. Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Sikutegemea kwamba habari hiyo ingenigusa, lakini ilinigusa sana. Kila mshono wa bomba langu una deni kwa watu walioshindwa kabla ya kuweza.

Jambo jingine kwenye ripoti lilinifundisha kwa nini walikuwa waangalifu mno na utumbo. Bomba la plastiki likipata wadudu, mwili hauwezi kulisafisha, na kulitoa ni hatari mpya. Utumbo ukifunguliwa katika upasuaji huohuo, wadudu wake wanaweza kulifikia. Ndiyo maana mgonjwa ambaye uvimbe wake umeshika utumbo mpana na vena kava kwa pamoja hupangiwa tofauti: pengine vena ifungwe tu, pengine itumike mishipa ya binadamu. Kwangu utumbo haukufunguliwa, na bado walilifunika bomba kwa kipande cha pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo, lisigusane na kitu.

Niliamka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi nikiwa na mirija shingoni, mkononi, puani, mgongoni na ubavuni. Mrija wa mgongoni ulileta dawa ya maumivu, na bila huo sidhani ningekohoa. Kohoa, waliniambia, kohoa. Kesho yake walinikalisha kwenye kiti. Nililia kwa hasira, lakini muuguzi aliyenishika kiuno alisema maneno ya kweli: damu iliyolala huganda, na bomba jipya halipendi damu iliyolala. Nilichomwa heparini kila siku tumboni. Miguu ilivimba tena, mguu wa kulia zaidi, nikavalishwa soksi za kubana ambazo hadi leo ni nguo zangu za kwanza asubuhi.

Nilipoanza kula, maji yaliyotoka kwenye dreni, ule mrija wa ubavuni, yaligeuka meupe kama maziwa. Mume wangu alidhani ni usaha. Ilikuwa limfu, maji ya mwili yenye vijifereji vyake mbali na damu: vijifereji hivyo hupanda sambamba na mishipa mikubwa, na vikikatwa huvuja, hasa ukila mafuta. Walinikatisha mafuta yote kwenye chakula, wakasubiri, na pole pole yakawa ya rangi ya majani ya chai, kisha yakakauka. Kama hilo likikupata, ujue lina tiba na mara nyingi tiba yenyewe ni subira. Paja la kulia mbele lilikufa ganzi, kwani neva zake hupita juu ya msuli ambao uvimbe ulikuwa umeuegemea. Ganzi imepungua, haijaisha. Siihesabu.

Majibu ya patholojia yalikuwa na mambo ambayo nilihitaji kuelezwa taratibu. Daraja la uvimbe lilikuwa la 2 kati ya 3. Ncha za vena, juu na chini, zilikuwa safi. Nyuma, upande wa mgongo, nafasi kati ya uvimbe na mstari wa kisu ilikuwa nyembamba sana. Niliuliza kwa nini hawakukata zaidi. Kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mfupa wa uti wa mgongo. Mguuni sakoma huweza kutolewa ikiwa imezungukwa na nyama salama pande zote. Tumboni, mpasuaji hutoa viungo vinavyoweza kutolewa ili apate nafasi, na penye mfupa au mshipa usiotolewa anaishia hapo. Aliniambia hivyo bila kupambapamba na sikumwona mdogo kwa hilo.

Maisha ya sasa yana sheria zake. Kwa kuwa nina figo moja, sinywi diklofenaki wala ibuprofeni hata kichwa kinipasuke, na kila mara kabla ya CT napima kreatinini kwa ajili ya ile dawa inayong'arisha mishipa. Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo nimeambiwa nisiache kwa ushauri wa mtu asiyejua nina bomba. Nakala ya ripoti ya upasuaji natembea nayo: aina ya bomba, upana wake, lilipoanzia na lilipoishia, na kwamba figo iliyobaki ni ya kushoto. Daktari yeyote atakayenifungua tumbo kwa sababu nyingine anapaswa kuyajua hayo kabla ya kushika kisu. Omba ripoti yako ukiwa bado wodini. Wakati huo aliyeandika yupo na unaweza kumuuliza.

Vipimo hurudiwa kila baada ya miezi michache kwa miaka ya mwanzo, kisha hufanywa kwa nafasi kubwa zaidi. Liposakoma hurudi zaidi palepale tumboni, wakati mwingine baada ya miaka mingi; yangu inaogopwa zaidi kwenye mapafu na ini. Kipimo kilichopita kilionyesha kidoa kidogo kwenye pafu la kushoto, kidogo kiasi kwamba hakichukuliki kinyama. Kinaweza kuwa kovu. Kikao kimekaa tena juu yangu: kirudiwe kupigwa picha, kikibaki vilevile kiachwe, kikikua na kikiwa peke yake kitolewe, kwa kuwa vidoa vichache vya mapafu huweza kutolewa kwa upasuaji. Nimeuliza kisu kitapita wapi, pafu litabaki kiasi gani, na kama dawa ya kuzuia damu kuganda itabidi isimamishwe na kwa muda gani. Dada ameyaandika majibu kwenye daftari lake, na safari hii nimemwachia yeye kalamu zote mbili.